Mzee wa Kanisa na Kioo cha Tatu

Kwa miaka yote niliyomjua, Mzee wa Kanisa hakukaa. Mahubiri yaende marefu kama foleni ya sukari ya zamani, watu wazima wasinzie na midomo wazi, yeye yuko wima. Anafunga dirisha, anafungua mlango, anamtoa mtoto wa watu kidole puani, anarudi mbele na kusimama pembeni ya mimbari, mikono nyuma, kama askari wa lindo. Kiti chake kilikuwepo, cha mbao, na mto alioushona mwenyewe. Mto ule ulikaa miaka bila kubonyea.

Alikuwa mwanamke, niseme mapema. Alichaguliwa mzee wa kanisa wa mtaa wetu huku Temeke, na kuanzia siku hiyo jina lake likafa. Hata muuza mkaa, ambaye ni Mwislamu na kanisani hana shughuli, alimwita hivyo hivyo: "Shikamoo, Mzee wa Kanisa. Leo nikuwekee debe?" Naye anaitikia marahaba bila kupunguza mwendo, maana hata njiani alikuwa hasimami na mtu. Ukitaka kuongea naye, unatembea. Nimeongea naye mambo makubwa ya maisha yangu huku nakimbia kimbio la nusu nusu, na mtoto mgongoni, kuelekea kwa muuza pumba.

Pumba za kuku. Maana Mzee wa Kanisa alikuwa katibu muhtasi wa shirika moja la umma, mwenye viatu vya kisigino na Kiingereza cha kupokelea simu, mpaka shirika likaanza kupunguza watu. Alirudi nyumbani na viatu na Kiingereza, basi. Wengine walilia, wengine waliugua presha. Yeye alitoa makochi nje, akayauza, akamwaga maranda sebuleni na kuingiza vifaranga wa kisasa. Vile viatu vya ofisini akavivaa kwendea Vingunguti machinjioni kutafuta damu iliyokaushwa ya kuchanganya kwenye chakula cha kuku.

"Hawa wana bahati," alikuwa anasemaga, anawaonyesha wale kuku. "Wanalala nilipokuwa napokelea wageni. Na hawaniombi chai."

Basi ndiye mtu ninayetaka kumweleza. Nilimpenda nikiwa mtoto wa shule ya Jumapili. Nikaja kumchukia nikiwa na mtoto wangu. Sijui leo niko wapi, na hilo nalo linanikera.

Huwezi kumweleza bila vioo. Kanisa letu ni la matofali ya saruji na bati, sakafu imepasuka, na mvua ikinyesha humsikii mchungaji. Lakini ukuta wa mashariki una madirisha matatu ya vioo vya rangi, yaani kama mtu kamvalisha ng'ombe wa maziwa herini za dhahabu. Vipande vidogo vidogo vimeunganishwa kwa mishipi ya madini ya risasi, na jua la asubuhi likipita, rangi zinamwagika sakafuni na watoto wanagombea kukanyaga buluu. Aliyeyatoa ni mhandisi wa reli, Mzungu, kabla ya Uhuru. Mke wake alifia hapa hapa Dar es Salaam akijifungua, yeye na kichanga chake, na vioo ni kumbukumbu yao. Mhandisi hakuwa Mwingereza, alikuwa mtu wa Wales, akaweka watakatifu wa zamani wa kwao. Chini kuna maandishi ya lugha yao. Mzee wa Kanisa alituambia ni Kilatini, kwa uhakika ule ule aliokuwa nao kwenye kila kitu.

Kioo cha kwanza ni mwanamume wa ndevu, ana njiwa begani, na ardhi imeinuka chini ya miguu yake kama kichuguu. Kimeandikwa DEWI, ndiye Daudi wa kwao. Sie tulimtafutia kombeo miaka yote.

Cha pili, MELANGELL, ni msichana amesimama peke yake porini. Mbwa wa mwindaji wanamrukia, na kwenye pindo la gauni lake kajificha sungura, masikio tu yanachungulia. Tulimwita Mama Sungura. Watoto tulikuwa tunampenda kuliko wote, maana sungura tunamjua mjanja, na kujificha kwenye gauni la mtakatifu ndiyo hasa tabia yake.

Cha tatu ni NON. Mwanamke yuko chini ya mvua, umeme umepasua mbingu, hakuna nyumba, hakuna mtu. Mkono mmoja una kichanga. Mkono wa pili umelishika jiwe kwa nguvu mpaka jiwe limebonyea alama za vidole.

"Huyu ni mama yake yule wa njiwa," Mzee wa Kanisa alitufundisha. "Mke mwema wa mfalme. Mvua ilimkutia safarini."

"Na mfalme yuko wapi?" niliuliza. Nilikuwa mtoto wa kuuliza.

"Mfalme ana kazi. Usinyooshe kidole kwenye kioo."

Alivipenda vile vioo mpaka inatia wivu. Aliviosha mwenyewe kwa kitambaa cha fulana kuukuu na maji ya uvuguvugu, juu ya ngazi, gauni lake refu la kitambaa kizito likiburuta. Gauni lile alilivaa hata joto la Februari. Ole wako ulete sabuni ya unga. "Huo uso wa mtu," anakwambia, "si sufuria."

Siku moja vijana wakicheza mpira nje walipasua kipande cha bega la Dewi, kipande cha kahawia. Mchungaji akasema lizibwe kwa ubao. Mzee wa Kanisa akatoka, mchana kweupe, akaingia baa ya jirani. Yeye, ambaye hata kwenye harusi alinusa glasi ya soda kabla ya kunywa! Walevi wakasimama wote kama wanafunzi.

"Shikamoo, Mzee wa Kanisa. Umekuja kutuhubiria?"

"Marahaba. Nimekuja kuchagua chupa."

Akazipitisha juani moja moja, anaziangalia rangi, mpaka akapata anayoitaka. Wakamwambia hiyo bado ina bia nusu. Akaimwaga chini mbele ya mwenyewe, akashukuru, akaondoka. Kipande alikikata nyumbani kwa waya wa moto na maji baridi, akakibandika kwa lami aliyoichota barabarani kwa wakandarasi. Mpaka leo mtakatifu wetu ana bega la bia, na ukikaa vizuri unasoma herufi mbili za chapa.

Enzi za ruksa ya biashara zilipoingia, kila mtu akawa muuzaji wa kitu. Tajiri mmoja aliyekuwa anajenga hoteli kule Mbezi Beach akasikia habari za vioo vyetu, akaja na gari refu. Alivitaka kwa ajili ya ukumbi wake wa chakula. Yeye atatoa madirisha mapya ya aluminiamu, kinanda cha umeme na spika mbili, kila moja kimo cha mtu. Mchungaji macho yakang'aa. Kwaya ndiyo ikapagawa, hasa mpiga gitaa, ambaye nitamrudia.

Mzee wa Kanisa akawauliza kwenye baraza la wazee, "Mkiuza macho mkanunua masikio, mtakuwa mmepona nini?"

Wakacheka, neno likaahirishwa. Lakini halikufa. Kila miezi michache linafufuka, na kila likifufuka yeye anazidi kuzunguka mle kanisani kama kuku anayetaka kutaga.

Sasa nieleze jambo moja ambalo ndilo linalonichanganya juu yake kuliko yote. Nilikuwa sijazaa bado. Tulikuwa tunafagia kanisa Jumamosi, mara tukasikia filimbi na kelele, mgambo wa jiji wanakimbiza wachuuzi. Dada mmoja muuza karanga, simjui mpaka kesho, akajitupa ndani na beseni lake. Mzee wa Kanisa hakuuliza kitu. Alimsukumia chini ya meza ya mbele, akaivuta ile nguo ya meza mpaka chini, akasimama mbele yake na gauni lake lile pana, ufagio mkononi. Mgambo wakaingia na virungu.

"Mama, kuna mtu kaingia hapa."

"Nimeingia mie, asubuhi."

"Tunamaanisha mchuuzi."

"Hapa tunauza uzima wa milele. Mna leseni ya kununua?"

Mmoja akainama kutazama chini ya meza. Akapigwa ufagio wa mgongo, si kwa utani. Wakatoka. Karanga mbili tatu zilikuwa zimemwagika miguuni pake, alizikanyaga muda wote ule. Mie nikaangalia kioo cha pili, nikamwangalia yeye, nikasema moyoni, kumbe. Kumbe huyu ndiye Mama Sungura.

Ndiyo maana zamu yangu ilipofika nilimkimbilia bila wasiwasi.

Nilimaliza fomu foo, matokeo yakawa ya kuweka kabatini, nikawa naimba kwaya wakati nasubiri maisha. Mpiga gitaa akawa ananisindikiza nyumbani. Sikubakwa, wala sikudanganywa sana. Nilimpenda. Tumbo lilipoonekana, yeye akasema hanijui kwa kiasi hicho.

Kanisani kwetu kuna utaratibu. Msichana akipata mimba bila ndoa anatengwa. Anakaa benchi la nyuma, lile lisilo na mgongo, karibu na mlango. Haimbi kwaya, hashiriki meza ya Bwana, na mtoto wake habatizwi mpaka mama arudi kundini. Kurudi kundini ni hivi: unatoka nyuma umejitanda kanga nyeupe, unatembea katikati watu wakikutazama, unapiga magoti mbele. Mzee wa kanisa wa mtaa wako anasimama pembeni yako na kutangaza, "Ndugu, huyu alipotea. Anaomba kurudi. Mnampokea?" Watu wanajibu, "Tunampokea." Ndipo mzee anatia sahihi kwa mchungaji, na mtoto anapata maji.

Nilimwendea nyumbani, kuku wanapiga kelele.

"Mzee wa Kanisa, shikamoo. Nipiganie."

"Marahaba. Nishike ndoo hiyo." Anawamwagia kuku chakula. "Ukishajifungua utapiga magoti dakika moja, imekwisha. Wenzako wamepiga."

"Na mwenzangu? Yeye atapiga magoti yapi? Kila Jumapili yuko mbele na gitaa."

"Mwanamume haonekani tumbo."

"Lakini anajulikana. Wewe unamjua."

"Mie nashughulika na kinachoonekana, mwanangu. Nikianza na visivyoonekana, kanisa halitabaki na mtu. Ndoo."

Nikamrudishia ndoo. Nikajiapiza sitapiga magoti peke yangu. Tuwe wawili pale mbele, au asiwepo hata mmoja. Nikajifungua msichana, nikarudi nae kwenye benchi la nyuma, na hapo ndipo tulipokwama. Mie sipigi magoti, mtoto habatizwi.

Niseme na la hospitali, maana hilo ndilo lililonichoma. Mwanangu alishikwa na homa kali, bado ananyonya, akawa anapindisha macho. Nilikuwa peke yangu wodini, mama yangu yuko Tanga. Aliyefika wa kwanza ni Mzee wa Kanisa. Alileta supu ya kuku katika chupa ya chai, kuku wake mwenyewe, akamchukua mtoto kifuani, akawa anatembea nae katikati ya vitanda, anampepea kwa upande wa kanga, anaimba chini chini. Alasiri nzima. Wauguzi wakadhani ni bibi yake.

Nikamwambia, "Mbatize. Maji haya hapa kwenye kikombe. Mtu yeyote anaweza mtoto akiwa hali hii, wewe mwenyewe ulitufundisha."

Akasimama. Nadhani ndiyo mara ya kwanza kumwona amesimama kuongea na mie, miguu yote miwili.

"Nikifanya kwako, kesho watakuja wote na vikombe," akasema. "Piga magoti hapa hapa, mbele yangu tu. Nitalitangaza Jumapili, na nitambatiza sasa hivi."

Mtoto anakoroma kifuani pake. Nisiseme uongo, nilikaribia kupiga. Nikaangalia kile kikombe. Nikamwambia, "Nipe mwanangu."

Akanipa. Akaendelea kukaa wodini, yaani kutembea wodini, mpaka homa ikashuka. Na supu nilikunywa. Hebu niambie, mtu kama huyo unamwekaje?

Mwanangu akapona, akaanza kutembea, akaanza kusema. Akawa anaitwa "mtoto wa benchi". Halafu ndipo Bibi wa Wales akaja.

Alikuwa binti mkubwa wa yule mhandisi, aliyezaliwa kabla ya yule kichanga, mzee wa miaka yake, mnene, kofia ya majani. Utotoni aliishi hapa, lakini Kiswahili kilichombakia ni cha kumwita mpishi. Alitaka kuona vioo vya mama yake kabla hajafa. Mchungaji akamsimamisha mbele aseme neno, na mkalimani, nani mwingine? Mzee wa Kanisa, viatu vyake vya ofisini vimepakwa kiwi.

Bibi akaongea Kiingereza taratibu, na mie kule nyuma, pamoja na matokeo yangu ya kabatini, nikawa napata. Akaeleza habari za Dewi, kwamba alikuwa anahubiri na walio nyuma hawamsikii, ardhi ikainuka chini yake. Mzee wa Kanisa akatafsiri vizuri. Akaeleza Melangell na sungura. Akatafsiri, watu wakacheka. Kisha Bibi akageukia kioo cha tatu na sauti ikabadilika.

Alisema Non hakuwa na mume. Alikuwa msichana tu. Mkubwa mmoja wa nchi alimkuta peke yake akamchukua kwa nguvu, akaenda zake. Alipokaribia kujifungua wakamwinda, maana walisikia mtoto atakuwa mtu mkubwa. Akakimbilia kwenye miamba, ikaja dhoruba, waliomwinda wakashindwa kuipita, akajifungua peke yake, ameshika jiwe. "Baba yangu alimchagua huyu," Bibi akasema, "kwa sababu mama yangu alikufa katika masika, barabara zimejaa maji, na hakuna aliyeweza kumfikia. Alitaka mwanamke yeyote atakayekuwa peke yake na mtoto, akiingia humu, amwone mwenzake."

Mie nilikuwa nimeshasimama bila kujua. Mtoto kiunoni.

Mzee wa Kanisa akawageukia watu. Akakohoa kidogo. "Anasema, huyu alikuwa mke mwema wa mfalme. Dhoruba ilimkutia safarini. Mungu akamlinda. Anasema asanteni kwa kuvitunza vioo."

Watu wakapiga makofi.

"Sivyo alivyosema!" nikapiga kelele. "Kasema hakuwa na mume! Tafsiri yote!"

Kanisa zima likageuka. Mchungaji akanyoosha mkono kama anazima redio. Kuna mama akasema, "Mtoto wa benchi na mama yake," na vicheko vikapita. Mpiga gitaa akainamia nyuzi zake. Bibi wa Wales akawa anatazama huku na huku, hajui kuna nini.

"Kaa chini, mwanangu," Mzee wa Kanisa akasema. Sauti haikupanda hata kidogo.

Nilimsubiri mlangoni, nikamfuata mpaka chumba cha nyuma cha mavazi. Akawa anakunja vitambaa, anakunjua, anakunja tena.

"Ulijua," nikamwambia. "Toka zamani ulijua."

"Mhandisi alinieleza mwenyewe kwa barua kutoka kwao, zikinifikia ofisini, miaka hiyo, tukiandikiana habari za matengenezo."

"Na ukatudanganya watoto."

"Ulitaka nifanye nini? Niwaambie mbele ya baraza lile kwamba pale ukutani kuna msichana asiye na mume? Tajiri wa hoteli bado anapiga hodi! Wangekitoa kesho yake, na viwili vilivyobaki vingekifuata. Walikuwa wanatafuta sababu tu. Mie nisiwape."

"Kwa hiyo mie nikae benchi la nyuma, nikimtazama mtu kama mie ukutani, ili kioo kipone."

"Wewe hukubakwa."

"Na mwanangu je? Yeye alifanya nini?"

Akaacha kukunja. "Kioo kikivunjika hakiungiki," akasema. "Wewe bado kijana. Utaungika."

Muuza karanga alimficha. Sungura angemficha. Mie nilikuwa binti aliyemfundisha mwenyewe kusoma ubaoni shule ya Jumapili, na mie akanipima na kioo, akaona nitastahimili.

Jumapili iliyofuata sikukaa. Nilipita benchi la nyuma, nikaenda kusimama chini ya kioo cha tatu, mtoto kiunoni, ibada nzima. Na iliyofuata. Na zote baada ya hapo. Alikuwa anapita na kikapu cha sadaka, ananong'ona, "Kaa." Ninamjibu, "Sikai. Kwani wewe unakaa?" Tukawa wawili tuliosimama mle ndani, yeye upande ule, mie upande huu, na watu katikati wameketi kama walikuja kutushuhudia. Mtoto akawa mzito, akaanza kusimama mwenyewe. Ananiuliza, "Mama, yule bibi kwa nini anashika jiwe?" Namweleza yote, kwa sauti, wenye masikio wasikie.

Ikaenda hivyo mpaka binti yangu akakaribia umri wa shule. Mzee wa Kanisa akaanza kugusa gusa ukuta anapotembea. Macho yalikuwa yameingia ukungu. Kuku walipungua wakaisha, maana aliwakanyaga vifaranga. Vioo vikawa vinaoshwa na vijana wa kwaya, kwa sabuni ya unga, na yeye amesimama chini ya ngazi anawafokea kwa kunusa.

Siku moja ya kazi alinijia gengeni kwangu. Nauza nyanya na vitunguu hapa hapa mtaani. Niliona gauni kwanza. Alikuwa ameshika ukuta wa jirani.

"Shikamoo," nikamwambia, maana hiyo hainyimwi mtu.

"Marahaba. Jumapili mvalishe mtoto nguo nyeupe."

"Sipigi magoti."

"Nani kakwambia upige?" Akashika nyanya, akaiminya. "Hizi zimeiva sana, zipunguzie bei." Akageuka kuondoka. Kisha akasema bila kunitazama, na hata angenitazama asingeniona, "Vile vioo sivioni tena. Naona mwanga tu. Lakini wewe, kila nikipita na kikapu, nakusikia unavyohema."

Nilikuwa nimeandaa maneno ya miaka. Nikabaki nimeshika mzani.

Jumapili nilimvalisha mtoto nyeupe, lakini nilijiambia, akinifanyia mchezo, naondoka na sirudi. Nikasimama mahali pangu. Mchungaji alipofika kwenye matangazo, Mzee wa Kanisa akatoka. Hakutokea mbele. Alitokea nyuma, kwenye benchi la nyuma, amejitanda kanga nyeupe.

Akaja katikati, anapapasa ncha za mabenchi, moja baada ya jingine. Nadhani ndipo nilipojua urefu wa ile njia. Akafika mbele, akashuka kwenye magoti, taratibu, mifupa inalia. Hakukuwa na mzee wa kusimama pembeni yake, maana mzee ni yeye. Akajitangaza mwenyewe.

"Ndugu, huyu mzee wenu alipotea. Anaomba kurudi. Mnampokea?"

Hakuna aliyejibu. Hawakujua kapotelea wapi. Halafu vichwa, kimoja kimoja, vikaanza kunigeukia mie pale chini ya kioo.

"Tafsiri kwanza," nikasema.

Akatikisa kichwa, kukubali. Akatafsiri. Yote, bila kuruka, maneno ya Bibi wa Wales kama yalivyokuwa, msichana, mkubwa wa nchi, miamba, dhoruba, jiwe. Aliyakumbuka mpaka pale pa barabara kujaa maji. Alipofika kwenye "mwanamke yeyote atakayekuwa peke yake na mtoto" alilisema mara mbili, akamaliza. Kisha akasema, "Mie nilikilinda kioo. Nikamweka mtoto huyu nje ya maji, na baba yake nikamwacha anapiga gitaa. Hilo nalo linaonekana. Lilikuwa linaonekana siku zote."

Mpiga gitaa alishika mlango akatoka. Gitaa liliachwa limeegemea spika kuukuu ya kwaya, linavuma lenyewe.

"Mnampokea?" akauliza tena, hana nguvu.

Alikuwa bibi mmoja wa mbele aliyeanza, sijui alikumbuka nini. "Tunampokea." Wakafuata wengine, ovyo ovyo, si kwa pamoja kama siku zote. Mie sikujibu. Naomba ieleweke kwamba sikujibu.

"Mchungaji," akasema pale chini, "kalamu ninayo. Maji yako wapi?"

Mwanangu akabatizwa hapo hapo. Alicheka maji yalipomgusa, akageuka kumwonyesha Mama Sungura, kule kwenye kioo, nywele zake zilizolowa. Mzee wa Kanisa bado yuko kwenye magoti, ameinua mkono mmoja hewani anatafuta pa kushika.

"Niinue basi," akasema. "Haya si magoti ya msichana."

Nilimwacha kidogo. Nilimwacha muda wa kuniuma mie mwenyewe. Kisha nikampa mkono, akaubana kwa nguvu, vidole vyake vikazama, alama zake nilikaa nazo mpaka jioni.

Nilidhani atarudi pembeni ya mimbari. Hakurudi. Aliniongoza, au nilimwongoza, mpaka benchi la nyuma, lile lisilo na mgongo. Akalipapasa. Akaketi. Mzee wa Kanisa akaketi, nakwambia, mbele ya watu, mikono mapajani, anahema kama aliyetua ndoo.

Mwanangu akapanda upande wa pili. Mie nikabaki nimesimama, miguu imezoea. Kwaya ikaanza bila gitaa, wamepandisha sauti mno, wanahangaika.

"Sogea huko, mama yako nae akae," akamwambia mtoto. Halafu kwangu, akiwa ametazama mbele ambako haoni kitu: "Kaa, mwanangu. Leo naomba."

Nikakaa. Lakini sikumsogelea sana.